Kwaresima ya Mume wa Kwanza

Lettice Garrod alikuwa mpika pombe wa Thornmere, na katika maisha yake aliolewa mara mbili, na waume wote wawili walitoka tumbo moja. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Pombe yake ya shayiri ilikuwa nzuri, na penye pombe nzuri watu hawachimbi sana mambo ya ukoo. Kisha mfalme akaanza kukosa usingizi kwa sababu ya mke wake, na mfalme akikosa usingizi hakeshi peke yake.

Mfalme naye alikuwa amemwoa mjane wa kaka yake. Baada ya karibu miaka ishirini ya ndoa, akiwa hana mtoto wa kiume, aligundua kwamba Maandiko yanakataza. Wakati huohuo aligundua msichana mwingine. Kwetu Thornmere tangazo lilisema mambo hayo mawili hayahusiani, na watu wakalipokea tangazo kama wanavyoipokea mvua.

Giles Garrod, mume wa kwanza, alikuwa kifungua mimba wa Bi Pernel, mjane mwenye nyumba ya pombe. Lettice alitoka kijiji cha pili, binti wa mwezekaji wa mapaa, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Harusi ilipangwa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, maana Kwaresima ikishaanza kanisa halifungishi ndoa mpaka Pasaka ipite, na Bi Pernel hakutaka kungoja hadi baada ya Pasaka. Alikuwa na kimea cha kugeuza na mgongo uliochoka.

Aliyeipanga siku hiyo alisahau jambo moja. Jumanne hiyo ndiyo siku ya mpira kati ya Thornmere na Oxlode. Mpira ni kibofu cha nguruwe kilichojazwa njegere, goli ni mlango wa kanisa la wenzako, na sheria ni kwamba usiue mtu kwa makusudi. Giles alitoka kanisani ameshikana mkono na bibi arusi, mpira ukapita mbele yake.

"Nakuja sasa hivi," akasema.

Alirudishwa jioni amelazwa juu ya lango la zizi, mguu umevimba kama boga, waliombeba wakiimba. Akapewa pombe ya kutuliza maumivu, akatulia kupita kiasi. Majirani, kama ilivyo desturi, waliwapandisha maarusi kitandani, wanawake wakarusha soksi na kusema waliyoyasema, na Padre Osmund akanyunyiza maji ya baraka kwenye godoro. Kabla maji hayajakauka, bwana arusi alikuwa anakoroma. Alfajiri kengele ikalia, Jumatano ya Majivu ikaingia.

Katika nyumba ya Garrod, Kwaresima haikuwa ya kuacha mayai na maziwa na nyama tu. Kanisa lilishauri wanandoa wajizuie. Bi Pernel hakushauri. Alibeba godoro lake, akalitandika miguuni pa kitanda cha maarusi, akalala hapo mpaka mwisho.

"Si kwamba siwaamini, wanangu," alisema, akipanga mto. "Shetani ndiye nisiyemwamini."

Basi walifunga, mama akilinda. Jumapili ya katikati ya Kwaresima Bi Pernel alikwenda na mshumaa wake kwenye kanisa kuu la mjini, kama wengi walivyofanya siku hiyo, akarudi jioni. Siku nyingine zote hakutoka. Giles alipona mguu, akaugua kifua, na katika Juma Kuu akafariki. Lettice alikuwa mjane kabla hajala yai la Pasaka katika nyumba ya mumewe.

Alibaki hapohapo. Alikoroga mitungi, aligeuza kimea, alitundika tawi la kuwaita wanywaji juu ya mlango pombe ilipoiva, na mkaguzi wa pombe wa kijiji alipokuja kuonja alirudia kuonja ili awe na hakika. Baada ya muda Bi Pernel akatazama mikono ile, akamtazama mwanawe wa pili, Ambrose, kijana mpole aliyekuwa akimsaidia Lettice kupasua kuni bila kuombwa, akafanya uamuzi. Nimepita nchi ambako mdogo wa mtu asipomrithi mjane wa kaka yake huonekana mtoro. Kwetu ilihitaji ruhusa ya Papa. Bi Pernel aliuza ng'ombe wake wa jembe, na baada ya msimu mzima wa kungoja ikaja karatasi kutoka Roma yenye muhuri wa madini ya risasi mzito kama jiwe la mizani. Karatasi ikawekwa sandukuni. Muhuri ulikatwa, ukawekwa juu ya jibini kuikandamiza, kazi ambayo uliifanya vizuri sana.

Ambrose na Lettice wakapata binti, Ursula, kisha mvulana, Piers. Ikawa nyumba kama nyumba nyingine.

Habari za mfalme zilipoanza kufika, zilifikia hapo kwa Lettice, maana hapo ndipo watu walipokuwa na kiu. Aliyezileta kwa furaha kuliko wote alikuwa Bartle Snape, mchinjaji na msimamizi wa kanisa letu. Kila mwaka Kwaresima ilimfungia bucha lake, na aliposikia mfalme amegombana na Roma alipata matumaini. Alidhani Papa akiondoka, mambo mengine yataondoka naye.

"Sasa haitwi tena Papa," alitangaza. "Ni Askofu wa Roma. Kama askofu wa mahali popote."

"Na amri zake je?" mtu akauliza.

"Hazina nguvu. Hata ruhusa alizotoa za ndoa." Hapo Bartle akageuka kwa heshima kubwa. "Kwani Bi Lettice, shemeji yako hajambo?"

Watu wakacheka ndani ya vikombe vyao. Alimaanisha Ambrose.

"Hajambo," Lettice akajibu. "Yuko nyuma anapasua kuni, na shoka analo mkononi. Nikuitie?"

"Aa, mwache, asisumbuke."

Wanaume wakaitwa kanisani kuapa kwamba ndoa mpya ya mfalme ni halali. Wakaapa wakiwa wamepanga foleni, wakaenda kulisha nguruwe. Padre Osmund akaagizwa alifute neno Papa katika vitabu vyote vya sala. Alikwangua kwa kisu cha jikoni, polepole, mkono mwepesi, kiasi kwamba ukiinua ukurasa kwenye mwanga ulisoma kila kitu.

"Padre, bado linaonekana," Bartle akamwambia.

"Macho yangu ni mabovu, mwanangu. Mimi silioni."

Kisha ikaja sheria yenyewe. Yeyote aliyeoa mke wa kaka yake, kama marehemu alikuwa amemjua yule mke kama mume anavyomjua mkewe, ndoa hiyo si ndoa, na hakuna askofu duniani awezaye kuiruhusu. Watenganishwe. Wasimamizi wa makanisa waliulizwa kwa kiapo kama katika parokia zao wapo watu wa namna hiyo. Bartle Snape akajibu kwamba wapo.

Tarishi wa askofu alileta wito asubuhi, akanywa pombe, akaisifu, akasema siku ya kufika mbele ya hakimu, akaenda zake. Bartle alikuja mwenyewe baadaye kidogo, kofia mkononi.

"Si mimi, Bi Lettice. Ni kiapo."

"Najua, jirani."

"Ningenyamaza ningejipalia makaa."

"Najua. Utakunywa au umekuja kusimama tu?"

Alikunywa. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na kwa kuwa hakutukanwa alikunywa sana.

Ndani, jioni ile, jambo lilikuwa wazi kwa kila mmoja. Wakitenganishwa, Ambrose ataondoka, watoto watakuwa wana wa haramu kwa amri ya serikali, na Lettice atakuwa mjane wa mtu aliyekufa zamani. Njia ya kupona ilikuwa moja: ionekane kwamba Giles hakumjua mkewe.

"Si kazi ngumu," Ambrose akasema. "Kijiji kizima kilimwona akikoroma."

Bi Pernel alikuwa anamenya vitunguu. "Kwa hiyo tutaenda mjini kusema mwanangu hakuwa mwanaume."

"Mama, hakuna anayesema hivyo."

"Watasema. Kesho watasema sokoni. Keshokutwa wataimba. Marehemu hana mdomo wa kujibu."

"Na mimi mwanao niliye hai je? Nikalale wapi?"

"Wewe unao mdomo," mama yake akasema, na kitunguu kikaendelea.

Lettice alikuwa anaikumbuka Jumapili ile ya katikati ya Kwaresima, Bi Pernel yuko mjini na mshumaa wake, kimea kimetandazwa juu ya moto, na Giles, aliyepona mguu, akimwuliza kama mfungo una dirisha. Ulikuwa nalo. Ilikuwa mchana mmoja tu, na Pasaka ile aliungama kwa Padre Osmund, akapewa mkate na maji kila Ijumaa mpaka mavuno. Padre hakusahau. Mwaka ule maungamo mengine yote yalihusu mipaka ya mashamba.

Baadaye mke na mume walipobaki peke yao, Lettice alimgeukia Ambrose.

"Wakiniapisha, sijui kitakachotoka mdomoni."

"Usiniambie," Ambrose akasema haraka. "Nikijua nitaulizwa."

"Nikisema ndiyo, nakupoteza wewe. Nikisema hapana, naapa uongo juu ya kitabu, na Giles namfuta."

Ambrose hakuwa mtu wa kusema jambo kabla ya kulizungusha. "Sikuwahi kumwonea wivu kaka," akasema mwishowe. "Sipendi kuanzia mahakamani."

Siku ilipofika walikwenda mjini kwa miguu, wao, Padre Osmund, na kundi la majirani. Desturi ya mahakama ya askofu ni kwamba mshitakiwa huleta majirani wenye sifa njema waape pamoja naye, na majirani wa Thornmere walikuja wengi kuliko walioitwa, wakiwa wamevaa nguo za kanisani na kubeba jibini. Pentekoste ilikuwa inakaribia, na pombe ya sikukuu ya parokia hakuna mwingine aliyejua kuipika. Hilo halikutajwa.

Hakimu alikuwa na mafua. Alikaa katika pembe ya kanisa kuu, miguu yake juu ya kigoda chenye makaa, na kabla ya Lettice alisikiliza kesi ya mtu aliyelala wakati wa mahubiri na ya mwingine aliyempiga jirani yake kwa msalaba wa maandamano. Kisha akaisoma sheria, akapenga kamasi, akauliza juu ya usiku wa harusi.

Majirani wakaeleza mpira. Walieleza wote kwa pamoja, na hakimu alilazimika kujua ni nani alipata goli.

"Na aliyemuumiza bwana arusi mguu ni nani?"

Majirani wote wakamtazama msimamizi wa kanisa.

"Ni mimi, bwana," Bartle Snape akasema. "Nilimkalia. Haikuwa makusudi."

"Wewe si ndiye uliyewashitaki hawa?"

"Ndimi, bwana."

"Na unaapa kwamba usiku ule marehemu hakuwa na uwezo?"

"Naapa. Nilimpandisha ngazi mwenyewe. Gunia la viazi mbatata lina uchangamfu zaidi." Naam, viazi mbatata vilikuwa bado havijafika kwetu, alisema gunia la turnipi, na hayo ndiyo hakimu aliyoyaandika.

"Hiyo ni siku moja. Ndoa ilidumu mpaka Juma Kuu. Nani anajua ya siku zilizofuata?"

Padre Osmund aliulizwa kwanza. Alisema kwamba kuhusu jambo hilo hana neno lolote analoweza kulisema. Hakimu akaandika kwamba padre hajui kitu, na padre hakumsahihisha.

Ndipo Bi Pernel aliposimama. Alikuwa mfupi, na hakimu alilazimika kuinama.

"Mama, wewe ndiye uliyemzaa marehemu. Je, mwanao hakuweza?"

"Aliweza," Bi Pernel akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mishumaa mlangoni. "Hakutaka. Ilikuwa Kwaresima."

Hakimu akashusha kalamu. "Yote?"

"Sisi tunafunga, bwana. Sijui ninyi wa mjini. Mwanangu nilimlea akajua kwamba Kwaresima ni Kwaresima. Nilitandika godoro langu miguuni pao nikalala hapo, na panya akikohoa mimi naamka. Nilichokiona kwa macho haya ni kijana mwenye afya anayemheshimu Mungu. Andika hivyo. Mwenye afya. Anza na hilo."

Hakimu alitazama karatasi zake. Kwaresima haikuwa jambo la Roma tu. Mfalme mwenyewe alikuwa bado anaishika, ingawa alizidisha samaki. Haikuwezekana kusema kwamba marehemu aliishika mno. Bartle Snape, aliyekuwa ameichukia Kwaresima maisha yake yote, alitazama sakafu.

Lettice akasimama. Alijua zamu yake imefika. Mkono ulikuwa tayari, mkubwa, mwekundu kwa magadi, na Ambrose upande wa pili alikuwa amefumba macho. Akafungua mdomo.

"Kaa," hakimu akasema.

"Bwana?"

"Kaa, mama. Neno la mke katika kesi yake mwenyewe halipokelewi. Malkia, yule wa zamani, aliapa kwamba mume wake wa kwanza hakumgusa. Binti wa wafalme, aliapa mbele ya watu wote, na haikukubaliwa. Nikikubali kiapo cha mpika pombe itaonekana vibaya."

Lettice akakaa. Kinywa chake kilichukua muda kidogo kufunga.

Hukumu ilikuwa fupi, kwa sababu ya mafua. Ndoa ya kwanza haikukamilika; kwa hiyo ya pili inasimama. Ruhusa ya Askofu wa Roma haikuwa na nguvu, lakini kwa kuwa haikuhitajika, kukosa nguvu kwake hakukudhuru mtu. Karatasi isalimishwe. Bi Pernel akaisalimisha, akauliza kama na muhuri unatakiwa, maana uko juu ya jibini. Hakimu akaongea na mwandishi wake kwa kunong'ona. Muhuri ungeweza kubaki, akasema, alimradi usiheshimiwe.

Walirudi Thornmere kwa barabara ya mtoni. Majirani walitangulia wakiichezea tena ile mechi yote, na Bartle alikuwa anawaonyesha alivyoanguka. Ambrose alikuwa na padre. Lettice na mama mkwe wake walibaki nyuma, kwa sababu ya magoti ya Bi Pernel.

"Mama," Lettice akasema, "uliapa."

"Niliapa nilichokiona."

"Lakini."

"Lakini Jumapili ile nilikuwa mjini, kwa hiyo sikuona. Mbona unanishika mkono kama nitaanguka?"

Lettice alikuwa amesimama. "Ulijua?"

"Nilirudi nikakuta moto wa kimea umezimika. Wewe! Hukuwahi kuuacha moto wa kimea uzimike, si kabla ya hapo, si baadaye, hata siku ulipojifungua Piers. Nikasema, haya, shetani amekuja nilipokwenda kuwasha mshumaa."

"Mbona hukunigombeza?"

"Niliingia na mwiko mkononi. Tayari kabisa." Bi Pernel akaanza tena kutembea. "Giles alikuwa uani anaimba."

Lettice akamfuata.

"Hakuwa na sauti," Lettice akasema.

"Hakuwa nayo hata kidogo, maskini. Babake pia. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akiimba, na baada ya hapo alikuja kukohoa tu. Nikaurudisha mwiko." Alisimama kuvuta pumzi. "Leo nimemnyang'anya siku hiyo mbele ya watu. Alikuwa nayo moja tu."

"Hujamnyang'anya, mama. Ninayo mimi."

"Unayo?"

"Ninayo."

"Basi itunze, na usimpe padre tena. Ameshaisikia." Huko mbele Ambrose alikuwa amesimama akiwangoja, na kofia aliigeuza mikononi. Bi Pernel akamtazama kwa macho ya mtu anayenunua farasi. "Na huyu je? Huimba?"

"Huyu hupiga mluzi."

"Si haba," Bi Pernel akasema.

Kwaresima iliendelea kuwapo kwetu kwa muda mrefu baada ya Papa kuondoka, na Bartle Snape alikufa akiingoja ifutwe. Bi Pernel aliishi mpaka kumzika yeye na hakimu pia. Kila mwaka, Jumapili ya katikati, alikwenda mjini na mshumaa, hata mishumaa ilipokatazwa, na mlangoni aligeuka akatangaza, kwa sauti ya kufika ghorofani, kwamba atachelewa sana kurudi. Kimea cha juma hilo hakikukauka vizuri hata mara moja. Mkaguzi wa pombe alipouliza sababu, Lettice alimjibu kwamba ni unyevu wa mtoni.